Kabla ya Kushusha Injini

Bi Muriel alifungua gereji kwa ufunguo uliofungwa uzi wa sufu,
akasema: Iangalie. Ukikuta imekufa, niambie imekufa.
Nje, Todmorden ilinyeshewa na mvua yake ya siku zote,
ile isiyoanza wala kukoma,
na mlima ulikuwa umemezwa na wingu kuanzia kiunoni.

Pikipiki ya mwaka sabini na mbili, silinda mbili pacha,
tangi la kijani lililopauka penye magoti ya mtu mmoja.
Marehemu Ellis. Magoti yake yalikuwa bado pale.

Sikushika spana. Kwanza nilisoma ukuta.
Juu ya jiliwa, kwa penseli:
1976: 150, 150
1983: 148, 145
1991: 140, 132
Mwandiko unazidi kuinama kila unaposhuka,
kisha chokaa tupu.

Mimi nilifundishwa Morogoro, kwa Fundi Mbwilo,
ambaye hakuwa na geji. Alikuwa na kidole gumba.
Toa plagi, ziba tundu, kijana apige kiki:
kidole kikirushwa, kuna uhai;
kikipapaswa tu, shusha injini.
Alikisifu kidole kile kama wengine wanavyosifu ng'ombe.
Yangu ni geji ya dukani, ya Burnley,
ina kioo na mshale mwekundu,
na hadi leo siiamini.

Nikatoa plagi zote mbili. Moja ya kahawia kama biskuti,
moja nyeusi, imelowa. Nikakaza geji kwa mkono,
nikapanda, nikapiga kiki. Mara tano. Mara nane.
Mshale ukapanda hadi sitini, ukakaa,
kama mtu aliyefika ngazi ya tatu akatafuta pa kuegemea.

Sitini.
Nilikuwa napanga sentensi ya msiba
kwa Kiingereza changu cha adabu,
Bi Muriel akaja na slipa zake, akanipita,
akashika mkono wa mafuta, akauzungusha hadi mwisho.
"Huwezi kumpima mtu pumzi umemziba mdomo," alisema.
"Mimi ndiye niliyekuwa nashika hapa. Yeye anapiga, mimi nashika.
Piga."

Nikapiga.
Kulia, mia moja thelathini na nane.
Kushoto, tisini na tano.
Aliguna. Nikachukua kopo la oili,
nikatia kijiko kimoja katika tundu la kushoto,
tukasubiri iteremke, iizunguke pistoni.
Hakuna aliyesema kitu. Bomba la paa lilidondoka.
Nikapiga tena: mia moja na thelathini.

Sasa ilibidi nieleze.
Oili imeziba palipokuwa panavuja,
kwa hiyo vali hazina kosa, silinda labda ichongwe kidogo.
"Pete ndizo zimelika," nilisema,
halafu nikakiona kidole chake, mkono wa pili, juu ya tangi,
fundo limevimba, na chini ya fundo
dhahabu imebaki nyembamba kama waya wa breki.
Nikatafuta neno jingine. Ufundi hauna neno jingine.

"Zinapatikana?"
Zinapatikana. Birmingham, kwa posta, siku tatu.
"Basi."

Hakuuachia mkono wa mafuta.
Plagi zilikuwa mezani, betri sakafuni, hakuna cha kuwaka,
yeye ameushika tu, umefunguka wote.

Penseli ilikuwa dirishani, imetafunwa kichwa.
Nikamnyooshea. "Andika wewe, sina miwani."
Nikaandika 138, 95. Nikasita.
Nikaongeza kwa herufi ndogo: 130 na oili.

Akasogea, akausoma ukuta wote toka juu,
bila miwani.
"Na mwaka," alisema. "Yeye alianza na mwaka."