Tarehe Mosi Januari

Saa nne usiku, Pasua, mvua ya Mei imeshika bati.
Kompyuta ya baba iko juu ya cherehani ya mama,
hapo ndipo penye soketi isiyotikisika.
Fomu ya Aikaruwa iwe imefika chuoni kabla ya saa sita.
Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatafuna kucha,
haniulizi kitu,
na huko kutoniuliza ndiko kunakoniwasha.

Naanza na ninayoyajua.
Nazima, nahesabu hadi thelathini, nawasha.
Nazima na ruta, ile iliyofungwa dirishani kwa kamba ya kuanikia;
taa zinarudi moja moja, nyekundu, nyekundu,
halafu kijani ya kujikongoja.
Imeunganishwa, inasema kompyuta.
Nafungua ukurasa: hakuna.

Kuna kitufe ubavuni, cha kusukuma kwa ukucha.
Wapo waliomlipa fundi elfu ishirini kwa kitufe hicho.
Nakipeleka, nakirudisha. Siyo.
Naiamuru iusahau mtandao wetu,
inausahau upesi kama mdaiwa.
Naandika nywila upya, herufi kwa herufi:
jina la ng'ombe wetu wa zamani na bei tuliyomuuzia.
Inakubali. Imeunganishwa.
Hakuna.

Nampigia Kiwelu, fundi wa Double Road.
Ni mlima, anasema,
wingu likilala Kibo siku tatu minara haionani.
Lakini simu yangu iko kwenye ruta hiyohiyo,
inaonyesha mtu anakaanga samaki, bila kukwama.
Basi siyo mlima, anasema,
ananitakia usiku mwema.

Mama hajaigusa mashine hii tangu msiba.
Anapita na kikombe, anainama, anakunja macho:
"Mbona hapa pameandikwa Januari?"

Kona ya chini, kulia. Tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.

Betri yake ndogo, ile kama sarafu,
imefia kabatini kati ya suti na rejista za chama cha kahawa,
na kila ikiamka inaanzia palepale.
Kumbe milango haikufungwa na wenyewe.
Ni yenyewe inayogoma kuingia:
kila cheti inachoonyeshwa
kina tarehe ambayo kwake haijafika.

Kwake, Aikaruwa ana miaka minne.
Kwake, baba yuko Uru, anapima magunia,
kalamu sikioni, anagombana na mtu juu ya kilo mbili.

Kidole changu kimesimama juu ya mwaka.
Mshale ukibonyezwa mara moja, mwaka mmoja.
Nabonyeza. Tano. Nane. Kumi.
Kumi na moja, huo sikuutazama.
Kumi na sita.
Halafu mwezi, halafu siku, halafu saa,
nikiitazama ya ukutani, ambayo nayo huchelewa.

Ukurasa ukafunguka kana kwamba haukuwahi kukataa.
Aikaruwa akanisukuma kwa kiwiko, akakaa, akaandika,
jina la baba akaliandika kwa herufi kubwa,
kwenye nafasi iliyofuata akaweka alama ya vema,
akatuma. Saa tano na dakika arobaini.

Nikasema kesho nitapita stendi,
betri ile haizidi elfu mbili,
bila hivyo ikizimwa itarudi kulekule.

Mama alikuwa anaifunika kwa kitambaa chake cha zamani.
"Haina haraka," akasema.