Fa ya Lushinge

Kile cha zamani kilibebwa na wanaume wanne
wakiparamia mawe ya Mabatini, wakitukana.
Hiki kinanda kimefika ndani ya mfuko wa mkate,
kinakula betri za tochi.

Nikakiweka kando ya sahani ya sato.
Lushinge akazungusha kifundo, akazungusha kingine,
na ile sauti ya nyuki ndani ya debe
ikatoka changa, haikohoi.

"Ndiyo yenyewe," akasema, "ila haina jasho."

Akafumba macho, akapiga.
Vidole vikashuka, vikapanda,
vikaifikia fa ya katikati
vikairuka,
kama mguu urukavyo ngazi mbovu
ya nyumba uliyokwisha kuhama.

Fa ile ilikufa mwaka wa kukosa vipuri.
Hii nzima.
Sikumwambia.