Mengineyo: Hakuna

Saa nne na dakika kumi na mbili kikao kilifunguliwa,
nami nikaandika hivyo, kama kawaida.
Ukumbi wa halmashauri, Bahi. Feni moja inazunguka,
nyingine imechoka tangu bajeti ya mwaka juzi.
Nje, upepo wa Septemba unazoa vumbi la barabara ya Manyoni
na kulimwaga dirishani.

Ajenda namba tatu: stendi mpya.
Ramani imebandikwa ukutani,
kona moja inajikunja kama inayotaka kuondoka.
Mwenyekiti akaweka kidole pale mbugani,
akasema, "Hapa. Tambarare. Hata greda halihitajiki."
Akacheka. Tukacheka.
Akanywa maji. Chupa ishirini na tatu zikafunguliwa.

Karibu kila aliyekuwa mle alikulia kando ya mbuga ile.
Mzee Chilongani amelima mpunga pale, matope mpaka magotini.
Diwani Sechelela alipoteza ndama watatu pale
kifuku kimoja, kwa usiku mmoja.
Mimi nilivushwa pale mgongoni mwa mama,
kamba za viatu vya shule nimezing'ata kwa meno.
Tulijua. Hilo ndilo nililoshindwa kuandika:
kwamba tulijua, sote, kila mmoja peke yake.

Nyemo, kijana wa idara ya maji, aliinua mkono.
Niliuona. Ulipanda hadi usawa wa sikio,
ukakutana na macho ya mkuu wake,
ukakumbuka mkataba wa miezi sita,
ukageuka, ukakuna kisogo.
Sijui kama kisogo kilimwasha kweli.
Muhtasari hauna safu ya mikono inayojikuna.

"Kuna mwenye mawazo tofauti?"
Mwenyekiti aliuliza akiwa ameshafunika faili.
Kimya cha watu ishirini na tatu
ni kizito kuliko gunia la uwele,
lakini kiweke kwenye karatasi uone kinavyopeperuka:
*Wajumbe wote waliafiki kwa kauli moja.*
Kauli ya nani? Sikuisikia ikitamkwa.
Nilisikia bahasha za posho zikihesabiwa mlangoni,
na tumbo la mtu likiuliza wali unakuja saa ngapi.

Januari maji yalikuja yalivyozoea kuja,
bila barua, bila miadi.
Yakaingia stendi kwa lango la kutokea.
Vyura wakapanga vibanda vya tiketi, ushuru hawalipi.
Mama Mbeleje akauza maandazi juu ya meza
iliyowekwa juu ya meza.
Mwenyekiti alifika na buti za kuazima,
akatazama, akapangusa miwani:
"Nani angejua?"
Tukatikisa vichwa, wote.
Hata Nyemo alitikisa. Mkataba wake umeongezwa.

Usiku ule nilitoa jalada la Septemba,
nikausoma mwandiko wangu, mzuri,
mwandiko wa mtoto aliyesifiwa sana shuleni.
Kutoka mbugani vyura walikuwa kwenye kikao chao,
huyu anapinga, yule anadakia,
hakuna aliyengoja kuruhusiwa.
Ukurasa wa mwisho, namba saba: *Mengineyo.*
Nimeandika: *Hakuna.*
Chini yake sahihi mbili.
Ya pili ni yangu.