Aliyetangulia

Bukuru alinitangulia dakika kumi na mbili.
Mkunga wa Mwandiga alidhani kazi imekwisha,
alikuwa ameshaanza kunawa mikono
nilipotokea mimi, Butoyi, nisiyetarajiwa,
nimekunja ngumi, anasema mama,
kama mtu aliyeachwa na gari.

Tangu hapo kazi yangu ni kumfuata.
Mto Luiche, yeye kwanza, kupima kina.
Alipojenga ndege
kwa mabomba ya alumini, turubai la njano
na injini iliyokaa bandarini miezi minne,
mimi nilishika spana nilizoambiwa nishike.
Akaiita Kereng'ende.
Watoto wa Mwanga wakaiita Pikipiki ya Mungu.
Ofisa wa uwanja aliikagua mara tatu,
ya nne akaomba apigwe nayo picha.

Juni ile alikuwa anakwenda Kasanga,
ziwa zima kwa urefu wake, bila kutua,
kamera kwenye bawa,
watu elfu thelathini wakimtazama simuni.
Mimi nilimimina petroli.
Dumu la mwisho akanishika mkono:
"Inatosha. Uzito ndio adui."
Nikafunga kifuniko.
Nilikaza sana. Hilo nalikumbuka, nilikaza sana.

Saa nne na dakika arobaini na moja
nukta yake ikasimama mkabala na Mahale.
Haikuzimika. Ilisimama tu juu ya maji,
ya buluu,
ikipanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu aliyelala.

Boti la polisi lilitafuta siku tatu, mafuta yakaisha.
Mwanamke wa Kalya alisikia mlio ukienda magharibi;
mumewe, aliyekuwa naye jamvi moja, hakusikia kitu.
Kibirizi wanasema yuko Kalemie,
ameoa, anauza vitenge, amenenepa.
Na wafuasi wake wameongezeka: elfu tisini sasa,
wote wanamfuata mtu ambaye hasogei.
Karibuni. Mimi nilianza zamani.

Wilayani karani alikuwa na fomu ya visanduku viwili:
amefariki, amepotea.
"Tuweke tiki wapi?"
Nikasema, ametangulia.
Akatia tiki kwenye amefariki, akanipa pole.
Nikamwambia futa.
Nimesema ametangulia.
Ndivyo alivyo, muulize mkunga.

Kutangulia si kufika, wahenga walisema,
wakanyamaza hapohapo.
Hawakusema anayefuata afanye nini
akifika ukingoni na kukuta maji matupu.

Simu yake ya zamani ilibaki rafuni
kando ya chupa ya mawese.
Niliinua nitazame saa, ikafunguka.
Iliona uso wangu, ikadhani ni wake.
Ndani, kwenye kumbukumbu, hesabu:
Kigoma hadi Kasanga, lita sabini na moja.
Tangi, lita sitini.
Zilizobaki: upepo ukinihurumia.
Na chini yake:
B. asijue, atang'ang'ania kujaza.

Juni upepo hutoka kusini.
Hata mimi, mshika spana, nalijua hilo.

Sokoni Mwanga bado wananiitia jina lake.
Muuza migebuka mmoja aliangusha kisu.
Nimefuga ndevu; zimeota kama zake.

Mama hajaweka matanga, hajalia.
Ananitazama tu kwa muda mrefu wakati wa kula,
kisha anatazama pembeni, kama aliyekamatwa.
Jana umeme ulipokatika akasema, polepole,
huku akipepeta mchele ambao hauonekani:
"Butoyi. Toka nje kidogo.
Halafu ubishe hodi."

Nikatoka.
Mbwa wa jirani alinibwekea, akaacha.
Nilisimama uani, sikuhesabu dakika,
nikiwa nimekunja ngumi,
kisha nikabisha.

Ungo ukatulia.
"Nani?" akauliza mama.