De Iksi

Saa kumi na moja jioni, nyuma ya parokia, Kadutu.
Mlango wa chumba tumeupaka rangi nyeusi
iliyobaki kwenye kopo la fundi Mulumeoderhwa.
Ndio ubao wetu.
Ukifunguliwa, mlinganyo unakwenda nao ukutani;
ukifungwa, unarudi
umefutwa nusu na mgongo wa aliyechelewa.

Walikuwa saba Jumatatu hiyo, wa mwaka wa kwanza,
wenye nne juu ya ishirini, wenye tatu,
na Cirhuza, aliyekunja karatasi yake ya jaribio
hadi ikawa ndogo kama kidonge cha malaria.
Mimi mwaka uliopita nilipata kumi na sita.
Kwa hiyo nilikuwa mwalimu.

Nikachora alama ya integrali, ndefu,
kama kulabu ya bucha.
Nikaongeza moja kwenye kipeo, nikagawanya.
"Mnaona? Ni hivyo."
Wakaandika: ni hivyo.

Cibalonza akainua kalamu.
Mama yake anauza makaa Nyawera,
na yeye kila hesabu huipima kwa kopo:
limejaa, au halijajaa.
"Hiyo de iksi pale mwisho
inafanya kazi gani?
Tunaiandika kila mara, halafu kwenye jibu haipo.
Inakwenda wapi?"

Nilifungua mdomo.
Maneno ya Kifaransa ya kumfunika nilikuwa nayo.
Lakini ile de iksi nilipewa na asistenti,
naye alipewa na asistenti wake,
sahani ya kuazima
ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuigeuza
asome jina la mwenyewe chini.

"Sijui," nikasema.

Cirhuza akaanza kuikunjua karatasi yake.

Usiku mvua ikanyesha, ile ya Machi.
Kulipokucha korongo lilikuwa limekula
maharage ya Mama Nsimire, choo chake,
na njia ya kwenda chooni.
Shefu wa avenyu akataka karatasi:
ni mita ngapi za mraba zimekwenda?
Mpima ardhi akataka dola hamsini.
Na ukingo ulikuwa umepinda
kama mkate ulioumwa na mtoto.

Tukaenda sote na kamba ya nailoni.
Ukuta wa jirani ulikuwa bado umenyooka,
tukauita mhimili.
Cibalonza akapiga hatua, sentimita sitini, akasimama;
tukavuta kamba kutoka ukutani hadi kwenye utupu.
Mita nne. Hatua. Tatu na nusu. Hatua. Mbili,
hapo Ntaboba alitaka kuteleza tukamshika mkanda.
Cirhuza aliandika kiganjani, daftari lilikuwa limelowa.

Hatua kumi. Nikajumlisha, nikatangaza kwa sauti ya mtu wa kumi na sita:
"Kilichobaki, mama, ni mita thelathini na mbili na nusu!"

Mama Nsimire akanitazama.
"Mita za nini, mwanangu? Za kamba?
Nimekuuliza shamba."

Cibalonza alicheka wa kwanza.
Halafu akanyamaza.
Akatazama mguu wake wa nyuma, akatazama wa mbele,
na matope yaliyokuwa katikati.
"Ni hii," akasema polepole. "Hii hapa. Hatua.
Bila upana, urefu ni kamba tu.
Nikipunguza hatua, iwe shibiri, iwe unene wa ukucha,
tutazidi kuukaribia ukingo ulivyopinda.
Na kwenye jibu haipotei.
Imeingia. Imekuwa udongo."

Kumi na tisa na nusu zimebaki.
Kiwanja kilikuwa sita kwa tisa.
Toa.
Thelathini na nne na nusu zimekwenda ziwani,
na shefu akapiga mhuri, akasema tungoje.
Tunangoja.

Jaribio la pili Cirhuza alipata tisa.
Hakuikunja.

Siku hizi chaki anashika Cibalonza.
Mimi nakaa benchi la nyuma ya mlango,
naandika maswali,
na kila anayechelewa
ananigonga bega na mlinganyo mzima.