Kanda Namba Saba

Haikuwa sinema ya kwenye ukumbi.
Ilitengenezwa kwa ajili ya sebule, kwa watu wenye sufuria jikoni,
na mtu fulani huko mbali aliinasa kutoka runinga yake
pamoja na matangazo ya dawa ya meno
yaliyoingia kila mara kisu kilipoinuliwa.
Ilifika Kitangiri ndani ya begi la mjomba Lugata,
imeviringishwa kwenye suruali,
na shangazi Nkwimba akaiandika kwa kalamu ya wodini:
SABA. INATISHA. MSIGUSE.

Alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku pale Bugando.
Jumamosi tu ndiyo ilikuwa yake.
Basi Jumamosi tulivuta pazia,
mawe ya mlimani yakabaki nje, yameinama juu ya bati
kama watu waliokuja kudai kodi.

Nyumba kubwa. Mvua ya bomba. Mjane mwenye glovu.
Wakili anayekohoa kila anapotaka kudanganya.
Popo aliyening'inizwa kwa uzi,
na uzi tuliuona, Mungu shahidi, tuliuona,
na bado Doto, pacha wangu, alijifunika kanga gubigubi
akaniuliza, "Ameshapita?"
Ukuta ulitikisika mlango ulipobamizwa.
Kaburi lilikuwa boksi.
Kinanda ndicho kilichokuwa kweli:
noti mbili,
noti mbili tu, na tumbo linakuwa maji.

Damu ilipomwagika shangazi alicheka peke yake.
"Hiyo ni rangi ya kucha.
Damu ikipigwa na hewa hugeuka kutu."
Kisha akanyamaza, akamenya karanga.

Kuna asubuhi alirudi asitake chai.
Alikaa na viatu vyeupe miguuni, akasema,
"Niwekeeni Saba."
Mchana kweupe, wadudu wa ziwa wametanda dirishani kama moshi,
tukamwekea.
Nilimuuliza raha yake iko wapi.
Akanionyesha kidude chekundu kwenye deki.
"Hofu hii ina kitufe, mwanangu."

Mwisho hatukuwahi kuuona.
Aliyegusa ni Shija, mpiga picha wa harusi,
aliyeishiwa kanda katikati ya sherehe
akachukua iliyokuwa karibu.
Kwa hiyo inakwenda hivi: muuaji amebanwa ngazini,
amejifunika kitambaa cheusi,
mpelelezi ananyoosha mkono, anakishika, anakifunua,
na ni Holo!
Binamu Holo mwenye shela, poda mpaka kwenye nyusi,
bwana harusi ndiye aliyemfunua,
vigelegele, keki ya ghorofa tatu,
na mtoto wa mtu analia chini ya meza.

Basi ni Holo aliyemtilia tajiri sumu.
Mwaka wa ishirini na sita huu, ni Holo.
Hata msibani Doto humsogelea na sahani:
"Muuaji, niongeze wali."
Naye humwongezea, uso mkavu:
"Kula, mwanangu. Kula umalize."

Juzi kijana wangu ameipata nzima, kwenye simu,
safi, bila michirizi, bila dawa ya meno.
Nikampelekea shangazi.
Macho yake siku hizi yana ukungu,
lakini zile noti mbili zilipolia alinikamata kiganja
kwa nguvu ya mtu anayeshikilia mgonjwa asianguke.
Uzi wa popo ulionekana zaidi.
Mjane alikuwa binti mdogo tu, hatukuwahi kujua.
Ngazi. Kitambaa. Mkono wa mpelelezi.

"Kitufe," akasema.

Nilipapasa kioo, nikakosa.
Nikailaza simu kifudifudi mapajani mwake
na sauti ikaendelea humo humo, mtu akikiri jambo
kwa lugha ya wenyewe,
nasi wawili tukapiga vigelegele
mpaka amalize.