Imo, Haimo

Alhamisi, saa tatu kasorobo usiku,
Bi Rukiya husukuma cherehani ukutani,
vipande vya kanzu huviringishwa kapuni,
na duka la ushonaji la Makadara
huwa sebule ya watu kumi na mmoja
na runinga moja yenye mstari wa kijani ubavuni.

Sisi ni watu wa *Kituo Themanini*.
Twajua jina la kila mwezi unaozunguka Ordeli.
Twajua injini ikizidiwa hunuka vipi
(Nyevu asema: kama soko la Kongowea, siku ya pili ya mvua),
na Kapteni Vessa akikunja ngumi ya kushoto
twajua kuna mtu hatarudi.

Ndipo ikaja sehemu ya kumi na nne.
Kapteni kaumwa na kidudu cha sayari isiyo na jina,
na tangu hapo, kila akisema uongo,
kwik!
Mbele ya majemadari wa adui:
"Tuna merikebu mia mbili." Kwik.
"Mia." Kwik.
"Haya basi. Tatu."
Kimya.
Roboti akamletea maji kwa ndoo.

Nyevu alicheka hadi kiazi karai kikamtokea puani.
Watoto wa Mwanatumu walibingirika juu ya vitambaa vya wateja.
Mimi nilijichoma sindano, nikazidi kucheka.
Lakini Mzee Shekue, karani wa bandari mstaafu,
aliyehesabu makontena miaka thelathini
na kukosea mara moja tu, tena kwa kosa la mwenziwe,
alisimama, akatafuta viatu gizani,
akaondoka na kiatu kimoja cha Nyevu.
Wiki ya pili alikirudisha, na karatasi. Akakohoa, akasoma:

*Nimengoja siku saba, nikaondoka kazini,*
*nikitaraji msiba, na vita huko nyotani,*
*kumbe ni mzaha, toba! kwikwi nyingi za kooni.*
*Sehemu hiyo haimo, naitoa hesabuni.*

"Kazi gani," akauliza Bi Rukiya, "nawe wastaafu?"
"Ni ushairi," akasema.

Tukabishana mwaka mzima.
Imo. Haimo.
Yatokaje, na macho yetu yaliiona?
Mtu aliyezika askari wake sehemu ya kumi na tatu
hawezi kufanyiwa kichekesho ya kumi na nne!
"Wewe hujaingia jiko la matanga," akamjibu Bi Rukiya, uzi mdomoni.
"Hapo ndipo watu hucheka mpaka sufuria zikaungua."
Hakusikia. Katika daftari lake la sehemu zote
kumi na tatu ilifuatwa na kumi na tano,
na kati yao mstari mweupe,
kama kontena lililopotea bila mwenyewe kuja kuuliza.

Kisha msimu wa mwisho, usiku ule umeme ukicheza cheza.
Kapteni chini ya chuma, hewa yavuja,
na yule kijana wa mitambo amemshika mkono:
"Waumwa?"
"Siumwi," akasema.
Kwik.
"Nenda. Nitakuja nyuma yako."
Kwik.

Hakuna aliyepumua Makadara.
Nyevu akaanza kucheka, kicheko kikakatika kati
kama uzi mbovu, na kilichofuata
sijui kitenzi chake. Tulikifanya sote,
kwa nyuso zetu, kwa mabega,
watu wazima, juu ya vitambaa vya watu.

Taa ikawashwa. Mzee Shekue akaomba kalamu.
Ile ya wino haikutosha pale katikati,
akaomba penseli, akaichonga kwa mkasi wa Bi Rukiya,
akaandika kwa herufi ndogo ndogo, kama mtu apitaye
kwenye safu ya msikitini, akiomba radhi kwa magoti.

"Haya macho," akasema, "ni vumbi la vitambaa vyenu.
Na mimi tokea mwanzo nilisema imo."

Nyuma ya cherehani, kitinda mimba wa Mwanatumu,
midomo myekundu kwa mabuyu:

Kwik.